Mwenyewe Kasema

Hapa Mafiga, Morogoro mjini, ninakoishi kuna kibanda umiza nyuma ya mashine ya kusaga, na wanawake tunaoingia humo kutazama mpira tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Sijali. Nakaa benchi la mbele, na mtu akisema upuuzi namjibu hapo hapo. Jumamosi moja tulikuwa tunatazama mechi ya Ulaya, shuti likapigwa, likagonga mtambaa panya, mpira ukadunda chini pale pale mstarini na kurudi uwanjani. Kibanda kizima kikasimama. Wengine goli, wengine si goli. Nyuma yangu kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Umegusa mstari, bwana! Ukishagusa mstari ni goli!"

Nikageuka. "Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua, dada."

"Basi kila mtu hajui. Mpira wote upite mstari wote. Wote kwa wote! Ukibaki juu ya mstari hata kwa upana wa unywele, hakuna goli. Na usitazame pale unapokanyaga chini, tazama tumbo lake."

Runinga ikaleta ule mchoro wa kompyuta. Mpira ulikuwa umekanyaga nyuma ya mstari kabisa, lakini tumbo lake lilikuwa limebaki juu ya chokaa kiasi cha ukucha. Hakuna goli. Wakanipigia makofi, na yule kijana akaniuliza kwa adabu, "Dada, nani alikufundisha?" Nikamwambia nimejifundisha mwenyewe. Nilidanganya. Alinifundisha mjomba wangu, kaka yake mama, na ni yeye huyo huyo aliyenigeuka siku niliyoihitaji sheria ile kuliko kitu kingine chochote.

Mimi ni mtu wa Kinole, huko juu milimani Uluguru. Mama alifariki nikiwa sijaanza shule, nikalelewa na bibi na mjomba katika nyumba moja. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yangu. Alinibeba mgongoni nikiumwa, akanishusha bonde na kunipandisha mlima mpaka zahanati, na alinifokea nikikosea. Nilimpenda. Nasema waziwazi ili ijulikane nilichopoteza.

Kazi yake ilikuwa shamba: ndizi, machungwa, karafuu na mdalasini kidogo. Lakini roho yake ilikuwa kwenye kibendera. Alikuwa amesomea uamuzi mjini kwa siku chache, akarudi na cheti na kitabu cha sheria, na tangu hapo hakuna mechi iliyochezwa Kinole bila yeye kukimbia pembeni ya uwanja na kitambaa chake chekundu. Alikuwa mkali. Kaka zake wa ukoo walimlalamikia kwamba hajui kusaidia nyumbani, naye akawajibu, "Mimi simbebi mtu."

Waliotazama mpira Tanzania wanalijua neno hilo. Refa akiipendelea timu, watu wanasema ameibeba. Kubebwa ni tusi. Mjomba aliliogopa neno hilo kuliko nyoka.

Nilipoanza kudaka, nikiwa darasa la tano, watu wa nyumbani walinicheka. Bibi alisema mtoto wa kike anajirusha kwenye vumbi kama kuku anayeoga. Mjomba hakucheka. Jioni moja aliniita uani, akachukua chungwa na mpini wa jembe, akaulaza mpini chini.

"Huu ni mstari," akasema. "Hili ni mpira. Niambie lini ni goli."

Nikalisukuma chungwa mpaka likauvuka mpini nusu. "Hapa."

"Bado."

Nikalisukuma tena mpaka likakaa upande wa pili, likiwa limeuegemea mpini. "Hapa."

"Bado! Simama. Tazama kutoka juu, usitazame kutoka ubavuni. Unaona nini?"

Nilisimama, nikainama juu yake. Chini chungwa lilikuwa limeshavuka, lakini mviringo wake ulikuwa bado umeufunika mpini.

"Tumbo lake bado liko juu ya mstari," nikasema.

"Enhee! Wengi wanatazama mguu wa mpira. Wewe tazama tumbo. Na sikiliza jambo la pili, hili ni la makipa. Wewe unaweza kuanguka ndani ya goli mwili mzima, kichwa na miguu, hata ukalala humo ukakoroma. Maadamu mikono yako imeushika mpira mstarini, hakuna goli. Kinachohesabiwa ni mpira, siyo kipa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nililala nalo neno hilo, nikaamka nalo. Nikawa kipa ambaye hakuogopa kuangukia ndani.

Uwanja wetu uko ubavuni mwa mlima na una mteremko. Chokaa haidumu huko, mvua moja tu inaisafisha yote. Kwa hiyo mistari yetu ilichimbwa kwa jembe, kifereji chenye kina kifupi na upana sawa na nguzo za goli, halafu kikajazwa majivu. Mjomba ndiye aliyesimamia upana huo. Alikuwa anapima kwa kipande cha mti, na mtu akichimba pana kuliko nguzo anafukia na kuanza upya. Nyavu hatukuwa nazo. Goli letu lilikuwa nguzo mbili za mkaratusi na mtambaa panya wa mwanzi, nyuma yake migomba.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nikiwa nyumbani nasubiri matokeo, yakaja mashindano ya timu za wasichana. Tulicheza vizuri mpaka tukafika mechi ya mwisho ya kutafuta nani ashuke mjini Morogoro kwenye ngazi ya mkoa. Wapinzani wetu walitoka Turiani, wasichana wa kwenye miwa, wana mapaja na mashuti ya haja. Na siku hiyo alikuja kocha mmoja mwanamke kutoka mjini, mama mnene mwenye filimbi shingoni, aliyekuwa anatafuta wachezaji wa timu ya mkoa. Kabla ya mechi alinifuata nikiwa nafunga kamba za viatu nilivyoazima.

"Wewe ndiye kipa? Nimesikia habari zako. Lakini mechi moja hainitoshi. Shukeni mjini, nikuone siku tatu mfululizo, halafu nitajua la kufanya na wewe."

Matokeo yangu ya mtihani nilikuwa nayajua hata kabla hayajatoka, hesabu ilikuwa imenishinda mapema. Mlango wangu ulikuwa huo mmoja. Nilikimbia kumwambia mjomba, ambaye siku hiyo alikuwa amepangwa kushika kibendera upande wetu. Alikuwa anakikunjua kitambaa chake.

"Shikamoo mjomba. Kocha kasema tukishinda atanitazama!"

"Marahaba. Nenda golini kwako," akasema. "Leo mimi siyo mjomba wako."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mtu mwenye furaha.

Mechi ilikuwa ngumu jamani. Hadi dakika za mwisho bila kwa bila, na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ikiisha hivyo ni penalti. Penalti sikuziogopa, ningedaka hata tatu. Halafu mshambuliaji wao mmoja akamtoka beki wetu, akapiga kutoka karibu. Nikaugusa mpira kwa ncha za vidole, ukagonga nguzo, ukarudi ukanipiga kifuani, nikadondoka chali ndani ya goli. Nilianguka nao ukiniteleza. Nikajipindua kifudifudi, nikanyoosha mikono kuelekea uwanjani, nikaunasa. Nikaubana chini kwa viganja vyote viwili. Mwili wangu ulikuwa ndani, miguu imekaribia kufika migombani. Mpira ulikuwa umekaa ndani ya kifereji, kwenye majivu, umetulia kama yai kwenye kiota.

Nilijua ulipo. Vidole vyangu vilikuwa vinagusa majivu pande zote mbili.

Wasichana wa Turiani wakanyanyua mikono. Refa, mgeni aliyeletwa kutoka mjini, alikuwa ameachwa mbali na mbio zile. Akaja anahema, akaniinamia na kuniuliza neno moja.

"Umeingia?"

Sasa tazama Kiswahili chetu. Mpira umeingia. Wewe umeingia. Neno ni hilo hilo, na mtu amelala ndani ya goli unamwuliza umeingia, anaelewaje? Mimi nilisikia ananiuliza mimi. Na kwa kuwa nilikuwa najua sheria kuliko wote uwanjani pale, na kwa kuwa damu ilikuwa inachemka, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha elimu yangu. Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa watazamaji:

"Ndiyo, nimeingia!"

Uwanja ukalipuka. Nikashtuka. Ndipo nikafanya kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka najipiga paji la uso. Nikasimama. Nikasimama na mpira mkononi, nimekasirika, napiga kelele, "Mimi ndiye nimeingia! Mpira haujaingia! Mpira ulikuwa hapa, hapa!" Naonyesha kwa kidole majivu ambayo nilikuwa nimeshayavuruga kwa magoti yangu mwenyewe. Laiti ningebaki nimelala kimya, kila mwenye macho angekuja akatazama. Hasira zangu zilifuta ushahidi wangu.

Refa akachanganyikiwa. Naye alikuwa mtu mwema, sina kisa naye. Akanyoosha mkono kuniambia ningoje, akageuka kumtazama mshika kibendera.

Roho ikanitulia. Nakwambia kweli, nilivuta pumzi ndefu. Kwa sababu mjomba alikuwa amekimbia na mpira mpaka kwenye kona, amesimama sawasawa na mstari wa goli, hatua kama ishirini tu kutoka kwangu, na hakukuwa na mtu kati yetu. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyejua tofauti ya kipa kuingia na mpira kuingia, alikuwa ni yeye. Nilimtazama usoni. Alinitazama. Kisha akawatazama watu wa Turiani waliokuwa wameanza kuimba, "Mjomba wake huyo! Mjomba wake huyo!"

Refa akamfuata, nami nyuma yake. "Umeonaje?"

Mjomba akasema, "Mwenyewe si kasema?"

"Kasema nini?" nikapiga kelele. "Mjomba! Nimesema nini?"

Alimwambia refa, polepole, kama mtu anayesoma kitabuni, "Mwenyewe kasema kaingia." Halafu akakishusha kibendera chake, akakimbia kuelekea mstari wa kati. Washika vibendera wakifanya hivyo, refa anajua ni goli.

Filimbi ikalia. Tukafungwa moja bila. Dakika chache baadaye mechi ikaisha.

Hakusema uongo hata mmoja. Hilo ndilo lililoniuma. Angesema mpira umeingia, ningeweza kujiambia macho yalimdanganya, jua lilikuwa usoni, amezeeka. Lakini yeye alichukua neno langu, lile lile alilonifundisha uani kwa chungwa na mpini wa jembe, akaliminya likawa kamba ya kunifungia. Watu wa Turiani walimshika mkono. Mzee wao mmoja akasema mbele yangu, "Huyu ndiye mwamuzi. Hata mpwa wake hajambeba!" Mjomba akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nikasonya, na sikujali nani amesikia.

Yule kocha alinipita akielekea kwenye gari. Akanigusa bega na kusema, "Pole mwanangu, mwaka mwingine." Mwaka mwingine haukuwepo.

Njia ya kurudi nyumbani ni moja, kwa hiyo tulipanda pamoja, yeye mbele na kibendera chake amekiviringisha, mimi nyuma. Nilivumilia mpaka kwenye kijito. Nikamwambia, "Mjomba, uliona."

Bila kugeuka akajibu, "Nilisikia."

"Kazi yako ilikuwa kuona! Nani alikuweka pale usikie?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Akaendelea kupanda. Mimi nikakaa kwenye jiwe nikalia mpaka kamasi, mtu mzima wa miaka kumi na minane. Nililia kwa hasira. Msiba ningeuvumilia.

Kuanzia siku ile sikumwamkia. Mnaojua kwetu mnajua uzito wa jambo hilo, kukaa nyumba moja na mzazi wako na asubuhi unampita bila shikamoo. Mvua za vuli zikaja, zikaisha, sijamwamkia. Majirani wakaona. Bibi akanigombeza kwa Kiluguru na kwa Kiswahili, akanitishia laana, mwisho akalia. Kwa ajili ya machozi ya bibi nikasema ile shikamoo, nikiwa nautazama mlango. Mjomba akaitikia marahaba kwa haraka, kama mtu aliyeponyokwa na kitu chake akakidaka kabla hakijafika chini. Baada ya muda nikashuka Morogoro, nikaanza kuuza viungo sokoni. Karafuu na mdalasini. Mizigo ilitoka shambani kwake, naye hakuwahi kunipunja hata fungu moja. Aliniletea bora kuliko zote. Lakini hakusema kitu.

Nilichokuwa nakitaka ni neno moja tu. Haukuingia. Basi. Angesema hilo, hata tukiwa wawili tu shambani, ningemwamkia nikimtazama machoni.

Mwaka jana nikachumbiwa. Washenga wakapanda Kinole siku ya Jumapili, wakapokelewa na ukoo mzima, na kwa kawaida yetu mjomba ndiye aliyewajibu. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia na shangazi wa upande wa bwana, tunasikiliza kila kitu. Mjomba alizungumza vizuri. Aliwakaribisha, akawasifu, akanisifu. Halafu akakohoa kidogo, na nikajua kinachokuja, maana nilikuwa nimeshasikia kwa watu kwamba kila kwenye mkutano anakisimulia kisa kile.

"Huyu binti nimemlea bila kumbeba," akasema. "Wapo hapa mashahidi. Siku ya fainali nilikuwa na kibendera mkononi, naye ndiye kipa. Timu ya kijiji changu, mtoto wa dada yangu. Nikawapa Turiani goli! Haki haina mjomba."

Wakapiga makofi. Mshenga mkuu akasema nyumba yenye mtu wa haki namna hii ni nyumba ya kuoa. Shangazi yule akanifinya kwa furaha, "Umebahatika!" Kumbe nilikuwa nimelipia sifa zake miaka yote hiyo, na sasa zilikuwa zinatumika kuniozesha.

Baada ya chakula wageni walipokuwa wananawa, mjomba akaja uani nyuma ya jiko kuchukua kikapu cha machungwa. Nilikuwa nimetangulia. Nilichukua chungwa moja kikapuni, nikakaa kwenye mkeka, nikaliweka karibu na ukingo wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama."

"Ukingo wa mkeka ndio mstari. Niwekee lilipokuwa."

Alielewa mara moja. Nilidhani atafoka, au ataniambia wageni wanangoja. Alitazama huku na huku, akachuchumaa, magoti yakamlia. Akalisukuma chungwa kwa kidole kimoja, likazidi kidogo. Akalirudisha. Akainama juu yake, akafumba jicho moja kama alivyokuwa akifanya zamani, akalisogeza tena kiasi cha punje ya mchele. Likakaa juu ya ukingo kabisa, nusu huku, nusu huku.

"Lilikuwa hapa," akasema.

Hakuwa amesahau hata punje. Miaka yote ile alikuwa anatembea nalo kichwani, mahali pake hasa.

"Haukuingia," nikasema.

"Haukuingia."

Neno langu hilo hapo. Nililingoja kwa muda mrefu hivyo, na nilipolipata nikaona halinitoshi. "Sasa kwa nini, mjomba? Kwa nini?"

Akajifuta uso. "Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine," akasema, "ningekimbia mwenyewe nikamwambia refa haukuingia. Lakini wangesema nimekubeba."

"Mimi sikutaka unibebe. Nilitaka uutazame mpira."

Ndani wageni walikuwa wanacheka, na mshenga mkuu akaita, "Mzee wetu wa haki, machungwa yako wapi?"

"Wanakuita," nikamwambia. "Wote wapo, na wale mashahidi wako wapo. Nenda kaseme haukuingia. Neno moja tu. Mimi nitalisikia nikiwa nyuma ya pazia, na yameisha."

Alitazama mlango wa nyumba. Alitazama kwa muda mrefu, na nikaona midomo yake inajaribu. Kisha akaliokota lile chungwa pale ukingoni mwa mkeka, akatoa kisu kidogo mfukoni, akaanza kulimenya. Alimenya vizuri, ganda likashuka limeungana lote mpaka chini. Akalikata, akaninyooshea nusu.

"Kula, mwanangu," akasema. "Tamu hizi."

"Nimeshiba, mjomba," nikamjibu, nikaingia ndani.